Kabati Lao, Kufuli Letu

Jumatatu, 3 Machi

Paa limevuja tena. Safari hii maji yamechagua kabati la tatu, herufi K mpaka M. Nimeshinda nikianika mafaili kwenye mabenchi ya wagonjwa, nimeyafunika shuka asisome mtu, wagonjwa wenyewe wamesimama. Daktari akapita, akayatazama, akasema basi, tunahamia kwenye kompyuta. Mafaili yote mia nne na kumi na mawili.

Sikubisha. Watu wanadhani mtu aliyekaa masjala ya zahanati miaka kumi na tisa lazima aogope kompyuta. Mimi naogopa watu.

Kilichonipandisha damu ni kilichofuata. Kiwanda kimejitolea kututunzia. Bure! Kiwanda cha nguo, mwenye jengo letu hili, ambacho wafanyakazi wake ndio karibu wagonjwa wetu wote. Ati wana mitambo, wana mafundi, sisi tuwapelekee tu. Fisi ameomba kazi ya kulinda bucha, na Daktari anamshukuru.

Nimesema hapana. Daktari akauliza, una njia nyingine? Nikasema ninayo. Sina! Kanipa mpaka tarehe ishirini. Ni mtu mwema, Daktari, shida yake ni kwamba hawezi kumkatalia mtu aliyevaa tai.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe kampuni za kutunza siri mtandaoni ni nyingi kuliko vinyozi. Redio kanionyesha namna ya kuzitafuta. Redio ni dada wa mapokezi — tulimpa jina hilo kwa sababu akiwashwa saa mbili asubuhi hazimiki mpaka jioni. Kila kampuni ina picha ya kufuli. Kila moja inaapa kwa herufi kubwa.

Nimechagua tatu, nimechapisha masharti yao. Kurasa sitini na nne. Printa imelalamika kama mgonjwa. Nimekaa na rula na kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, kama ninavyokagua rejista. Nimezipa majina kwa rangi ya makufuli yao: Kijani, Bluu, Kijivu.

Kijani, ukurasa wa kwanza: hatuweki kumbukumbu zozote. Ukurasa wa kumi na nne, kwa maandishi ya sisimizi: isipokuwa saa uliyoingia, mahali ulipo na aina ya mashine yako, kwa siku tisini. Na wanaweza kuwapa "washirika tunaowaamini". Washirika gani? Hawakutajwa. Mimi miaka kumi na tisa sijawahi kutoa faili kwa mshirika ninayemwamini. Hata mume wangu hajui nina wagonjwa wangapi.

Ofisi yao nayo: sanduku la posta kwenye kisiwa nilichokitafuta ramanini kwa miwani mbili. Hakuna mtaa, hakuna jina la mtu. Muuza nyanya ana meza ambayo nyanya zikioza unaenda kumgombeza. Hawa nitawagombeza wapi?

Ijumaa, 7 Machi

Nimepanda ghorofani kwa Wakili. Amestaafu, ila mahakama haijamstaafu. Hata salamu anaitolea hoja. Ni rafiki wa mume wangu tangu ujana, ananiita shemeji. Nikamwekea karatasi zangu mezani, nikamuuliza: hizi kampuni ziko chini ya sheria ya nani?

Akafurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Akasema kampuni ya siku hizi ni mtoto wa nyumba nyingi. Kazaliwa kwa huyu, analala kwa yule, anayemlisha ni mwingine kabisa. Siku ya ugomvi wote watamdai. Tukamchukua Bluu. Imesajiliwa nchi moja yenye sheria nzuri, inajisifu nayo. Mashine ziko nchi ya pili. Walioinunua mwaka juzi wako nchi ya tatu, na huko serikali ikitaka kitu inapewa, na kampuni inakatazwa hata kumwambia mteja. Hilo la wanunuzi liko ukurasa wa hamsini na moja. Nilikuwa nimelipigia mstari bila kulielewa.

Nikasema basi nichague iliyo mbali kabisa. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

"Sawa shemeji," akasema, "lakini nyoka ni nani hapo? Kama ni wewe, umepona. Ila wakikuibia wao, fimbo yako nayo iko mbali vile vile."

Kanipiga kwa fimbo yangu mwenyewe. Mimi! Kisha akaongeza neno ambalo nimelibeba ngazi zote hadi chini. Kwamba hakimu wa hapa, au bosi wa hapa, hana haja ya kuandika barua ng'ambo. Atamwita aliyeshika ufunguo. Nisiulize tu kabati liko nchi gani, niulize ufunguo uko kwa nani.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa nafua. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, akaja kukaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Anakaa chumba chetu cha uani tangu aanze kazi kiwandani, sehemu ya kushona kola. Akahesabu vibanio vyangu vyote, kisha akasema.

Ana mimba ya miezi minne. Mikataba inaandikwa upya mwisho wa Juni. Hakuna aliyesema wazi, lakini mwaka jana wanawake kumi na mmoja walioonekana matumbo hawakuitwa tena. Anafunga tumbo kwa kitambaa. Akasema, "Usimwambie kaka, wifi. Na pale zahanati niliingia kwa sababu nilijua mafaili unayashika wewe."

Faili 388. Kadi niliiandika mwenyewe mwezi uliopita, nikaandika namba ya kazi yake kwa mkono huu huu, nikasubiri aniambie mwenyewe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Leo kaniambia, na nimekasirika hadi nimekamua shati la mume wangu likachanika.

Jumanne, 11 Machi

Afisa utumishi wa kiwanda kaja mwenyewe. Mpya huyu, ana miezi mitatu. Sauti ya chini, viatu havitoi mlio. Kaniita mama yangu, nikajua kuna jambo.

Anataka takwimu tu. Wangapi wana mimba, wangapi wanakohoa zaidi ya wiki mbili. Nikasema hesabu nitampa leo leo, kwa mdomo. Akasema itapendeza zaidi ikiwa na namba za kazi. Nikamuuliza, mwanangu, takwimu tangu lini ikawa na namba ya kazi? Daktari akaanza kusafisha miwani. Kila akibanwa anasafisha miwani, iko siku vioo vitaisha.

Afisa akatabasamu, akasema kiwanda ndicho kinacholipia matibabu. Nikasema kweli, kinalipia matibabu, matumbo hakijayanunua.

Akatuaga kwa upole ule ule, akikumbusha kwamba mkataba wa pango nao unaisha Juni. Nikarudi masjala, nikafunga makabati yote mara mbili. Si woga. Haya, na woga kidogo. Lakini faili halitoki.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekumbuka dawa yangu ya zamani. Kila karani mpya hapa nilimpima kwa simu. Natoka, napiga kutoka dukani, nabadilisha sauti: mimi ni mume wa fulani, naomba majibu yake haraka. Anayenipa, kesho haji. Sasa kwa nini kampuni za ng'ambo zisipimwe?

Nimefungua kabati la mtandaoni kwa kila moja, nikaweka faili moja la kubuni. Jina: Mgonjwa Wa Mfano. Ugonjwa: kiburi sugu. Dawa: hakuna. Kisha kwa anwani nyingine ya barua pepe nimewaandikia wote watatu kwamba mimi ndiye mwenye kabati, nimesahau nywila, mgonjwa yuko taabani, tafadhali nifungulieni. Nimetia na machozi kidogo.

Ijumaa, 14 Machi

Majibu!

Kijani wamefungua. Dakika ishirini! Na pole juu, na kikaragosi kinachocheka. Hawakuniuliza hata jina. Mgonjwa wangu wa kiburi ameshasomwa na mtu nisiyejua yuko bara gani.

Bluu wanataka picha ya kitambulisho, wakiridhika watafungua. Redio akasema hao ndio waangalifu. Nikamwambia hapana. Wakiweza kunifungulia mimi, wanaweza kumfungulia na mwingine akija na karatasi nzito kuliko yangu.

Kijivu wamejibu mistari minne. Pole, hatuwezi. Si kwamba hatutaki, hatuna ufunguo. Ufunguo ni maneno yako kumi na mawili ya siri, ukiyapoteza, sisi kama wewe tumebaki na sanduku lisilofunguka. Nimeisoma mara tatu. Nilitaka niwapigie makofi.

Nikampelekea Wakili kabla moyo haujanidanganya. Kijivu imesajiliwa na ina mashine zake nchi moja hiyo hiyo, na wenyewe wako huko huko. Bila jaji hakuna anayepewa kitu. Kila mwaka wanatangaza waliombwa mara ngapi na walitoa nini. Mwaka jana walichotoa ni tarehe kabati lilipofunguliwa, basi. Nikasema kutangaza hata Kijani wanatangaza. Wakili akachimba mpaka akapata hukumu ya huko, Kijivu yenyewe ilifikishwa mbele ya jaji ikatakiwa kutoa barua za mteja, na jaji akaandika kwamba haina uwezo wa kuzisoma. Nikaridhika. Kuapa wanaapa wote, hawa wameapishwa.

Kabati lao, kufuli letu. Daktari kakubali, hakuwepo mtu mwenye tai karibu.

Alhamisi, 20 Machi

Tumemaliza leo. Siku nne za skana, shingo imekauka. Faili 388 nimelipitisha mwenyewe na mlango umefungwa.

Yale maneno kumi na mawili nimeyaandika kwenye kadi, kadi kwenye bahasha, muhuri juu ya gundi. Mzee aliyenifundisha kazi alisema masjala isiyo na ufunguo wa akiba ni kaburi. Mwenye ufunguo akifa, wamekufa na wote waliomo. Kwa hiyo bahasha nimeitundika kwenye ubao wa funguo za akiba mapokezi, na kuiandika kwenye daftari la funguo kama funguo zote. Namba 27. Wifi kaniuliza kama nimelala vizuri wiki hii. Nimemwambia nitalala leo.

Jumatano, 2 Aprili

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu nimekishona mwenyewe.

Barua imefika saa tatu. Mwenye jengo, kwa kifungu cha tisa cha mkataba wa pango, atakagua funguo za akiba kesho saa nne. Zote, na hasa namba 27.

Wamejuaje? Mimi nimewaambia! Miaka kumi na tisa, kila mwisho wa mwezi, nanakili daftari la funguo, nagonga muhuri, Redio anapeleka nakala ofisi ya mwenye jengo, ili moto ukitokea wajue mlango gani ufunguo wake uko wapi. Juzi Jumatatu nimefanya vile vile, akili iko kwenye chai. "27 — mafaili yote ya wagonjwa, kabati la mtandaoni, bahasha, ubao wa mapokezi." Kwa mwandiko mzuri. Nimesoma kurasa sitini na nne, nimezihukumu sheria za nchi sijui ngapi, kisha nikamwandikia mwizi msumari ulipotundikwa ufunguo.

Nimelia chooni. Dakika tano. Nikanawa uso.

Wakili, kwa simu: mkataba unataja milango, madirisha na makabati yaliyomo ndani ya jengo. Kabati lenu halimo jengoni, hata nchini halimo. Mkataba wa pango hauna pasipoti, akasema, na akacheka peke yake. Kisha akakohoa. "Ila shemeji, umeliandika mwenyewe kwenye daftari la jengo." Yaani tuna hoja nzuri ya kusimama nayo mahakamani mwezi mzima. Bahasha inafunguliwa kwa kidole.

Saa nane mchana. Nimebadilisha maneno. Kijivu wanaruhusu: unaingia, unaomba mapya, ya zamani yanakufa pale pale. Bahasha nimeiacha msumarini, waichukue wakafungie maandazi. Mapya sijayaandika popote. Nimeyameza.

Lakini nikipigwa na lori jioni hii? Watu mia nne na kumi na wawili watatibiwa kwa kubahatisha. Lazima awepo wa pili. Daktari? Tai. Wakili anaweza kuitwa kizimbani, na yeye uongo hawezi. Wifi ana mzigo wake. Nikapekua watu kama nilivyopekua kampuni, nikabaki na mmoja ambaye sikuwahi kumfikiria hata mara moja.

Redio. Nikakaa nikajihoji kwa haki. Miaka kumi na mmoja katusimulia harusi za binamu zake, talaka za jirani, mume wangu anavyokoroma (sijui alipata wapi). Na amekaa dirishani ambapo kila mgonjwa anataja tatizo lake. Nimetafuta neno moja tu la mgonjwa lililowahi kutoka kinywani mwake. Sikulipata. Nimekuwa nikimcheka mtu bila kumsoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Nikamwita masjala, nikamsomea yote kumi na mawili. Akayarudia mara nne, hakukosea. Akauliza, "Na wakinibana mimi?"

Nikasema sijui.

"Basi nitawachosha," akasema, akarudi dirishani.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika hapa kaunta, saa tano kasoro.

Wamekuja wawili, Afisa na fundi wao wa kompyuta. Funguo ishirini na sita hawakuzitazama hata. Wamefungua bahasha. Nikawaambia maneno ya Wakili, kabati halimo jengoni. Afisa akasema hayo tutayazungumza baadaye. Fundi akaingiza yale kumi na mawili kwenye kompyuta yangu. Yakakataa. Akarudia. Yakakataa! Akaangalia kibodi kana kwamba imemtukana.

Sauti ya chini imekwisha. Afisa anasema niandike maneno mapya kwenye daftari la funguo, mstari wa 28, sasa hivi, ama Daktari atafute jengo jingine kuanzia Juni. Tukamtazama Daktari. Hakusafisha miwani. Ameivua, ameitia mfukoni, akasema: "Ufunguo anashika yeye. Mimi siujui." Sijui kama amenisimamia au amenitupa. Sina muda wa kujua.

Nikasema haya, leteni kalamu.

Naandika polepole. Daftari hili langu la kila siku lilikuwa mkobani, nililinunua fungu moja na yale ya ofisi, jalada jeusi na mgongo mwekundu. La funguo liko chini yake, Afisa hajui. Afisa anautazama mkono wangu unavyokwenda na ameanza kutulia. Anadhani nimefika neno la tano. Redio amemshika fundi, anamsimulia binamu yake aliyeolewa mara mbili na mtu mmoja. Fundi anauliza maneno mapya anayajua nani mwingine, Redio anasema ngoja kwanza nikumalizie hii.

Wifi yuko benchi la kwanza, na kadi yake mkononi. Leo ni siku yake ya kupimwa. Angeweza kuondoka alipomwona Afisa. Hajaondoka.

Sasa hivi ndiyo nimeona. Humu daftarini ndimo alimo wifi. Miezi yake, namba ya faili lake, maneno yake mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri. Hakuna kufuli, hakuna jaji, hakuna nchi nyingine. Nimemtoa kabatini nikamleta kaunta.

Nimeliegemeza kifuani kidogo. Naendelea. Wifi ameinuka, anakuja upande huu.

Afisa amenyoosha mkono. Anasema, "Mama, naomba hilo daftari."

Nimemwambia subiri mwanangu, sijamaliza.